Umekamatwa Masomo? Usishuke Duarani Kabla ya Sapu

Matokeo ya mwisho wa mwaka yakishatoka vyuoni, mji wetu wa Katoro hupokea vijana wa namna mbili. Wapo waliokuja likizo, na wapo waliokuja kujificha. Hao wa pili ndio ninaowaandikia, tena kwa haraka, maana muda wao umebaki wiki chache.

Kijana amekamatwa, yaani amefeli, masomo mawili. Anaona aibu kumwambia baba. Mwenzake aliyeko machimboni Rwamgasa anampigia simu: dhahabu ina bei, njoo duarani, kwenye shimo la kuchimbia, utapata mgao wako wa mifuko ya mawe, Oktoba urudi chuo na hela mfukoni. Anakwenda. Wakati anasubiri mawe yafike kwenye karasha la kuyasaga, chuoni wenzake wanafanya mtihani wa marudio, yaani sapu. Akirudi, sapu imepita. Kwenye orodha ya waliofaulu kuendelea, jina lake halimo, na orodha hiyo ndiyo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inayoitazama.

Hapo ndipo mkopo unapokatika. Sheria ya mwaka 2004 iliyoanzisha Bodi inataka mwanafunzi anayeendelea awe amefaulu mitihani ya kumvusha kwenda mwaka au hatua inayofuata. Bodi haidai uwe na alama za juu. Ukipata sapu ukaifaulu, umevuka, na ada na bumu, yaani hela ya kujikimu, vinaendelea. Kufeli somo moja peke yake si mwisho wa mkopo. Kinachowaponza wengi ni kutotokea kwenye sapu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ingia leo kwenye akaunti yako ya chuo uangalie tarehe ya sapu, kama kuna malipo ya kufanya, na mwisho wa kujisajili. Kila chuo kina kanuni zake juu ya idadi ya masomo unayoruhusiwa kurudia na wastani unaokufanya udisko, yaani uachishwe chuo, basi usitegemee maneno ya mwenzako wa chuo kingine. Mpigie mkuu wa idara yako. Nauli ya kurudi itafutwe sasa, hata kwa kukopa kwa shangazi mwenye duka sokoni.

Kama kweli unaumwa, au kuna msiba uliokulemea, omba kuahirisha masomo kwa barua, weka vyeti vya hospitali, na subiri chuo kikujibu kwa maandishi. Chuo ndicho kinachoiarifu Bodi hali yako. Ukiondoka kimya umejifukuza mwenyewe, na kurejeshewa mkopo baada ya hapo ni kazi ngumu mno.

Na wale wanaosema "nikiacha chuo, deni nalo limekufa" wanajidanganya vibaya. Fedha iliyokwisha kulipwa ni deni, uwe umehitimu au umeachia njiani. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi. Aliyejiajiri, awe na duka au duara, naye anatakiwa kurejesha. Utalipia shahada ambayo hukuipata. Kwangu mimi hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika jambo hili, na inawakuta watoto wa wakulima ambao ng'ombe wa mwisho nyumbani ameshauzwa.

Msimu huu matapeli nao wanapata kazi. Anayekwambia ana mtu wake Bodi wa kukurudishia mkopo kwa laki mbili, mkimbie. Usimpe mtu yeyote nywila ya SIPA, akaunti yako ya mkopo kwenye mfumo wa Bodi, hata awe anamiliki steshenari iliyokujazia fomu ya kwanza. Swali lako lipeleke kwa afisa mikopo wa chuo, au ofisi ya kanda ya Bodi iliyoko Mwanza. Kuuliza huko ni bure.

Wazazi wa Katoro, Buseresere na Nyarugusu, nawaomba jambo moja. Mtoto akirudi kutoka chuo akawa mkimya, akaanza kuulizia habari za machimbo, msimshangilie kuwa amekuwa mwanaume. Muulizeni matokeo yake kwa upole, bila fimbo na bila matusi, maana anayeogopa kutukanwa ndiye anayeficha mpaka tarehe inapita. Mkishajua, mpandisheni basi arudi akafanye mtihani wake.