Pesa ya pampasi ni chakula cha mtoto

MAONI
Na mhamasishaji wa afya, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda



Leo sitaki kuongea juu ya chandarua wala juu ya chanjo. Hayo tumeyasikia na tutaendelea kuyasikia. Nataka kuongea juu ya kitu kidogo ambacho kinakula pesa ya nyumba nyingi kimya kimya: pampasi.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye zoezi la kupima watoto mkono kwa ule utepe wa rangi. Mama mmoja alikuja na mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa msafi, amevaa pampasi, lakini utepe ulisimama kwenye rangi ya njano. Tulipokaa pembeni kuongea, mama alisema: "Dada, nusu ya maharagwe niliuza. Mtoto hakuwa na pampasi na nilikuwa na safari ya kanisani." Sikumcheka. Mimi mwenyewe mtoto wangu wa mwisho nilimvalisha pampasi mpaka akakaribia miaka miwili, na kuna sabuni ya mgao niliyouza ili nizipate. Niliona aibu kuonekana na mtoto aliyefungwa kitambaa kama mtu aliyetoka kijijini jana.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyekosea kwanza.

TUFANYE HESABU

Wengi wetu hatununui pakiti nzima. Tunanunua moja moja dukani, na moja moja ndiyo bei ya juu kuliko zote. Tuseme moja ni shilingi 1,000 na mtoto anatumia mbili kwa siku. Kwa siku 30 hizo ni shilingi 60,000. Kama dukani kwako bei ni 800, ni shilingi 48,000. Weka bei unayoijua wewe, hesabu ni ileile.

Sasa linganisha na kile kinachoingia nyumbani. Sote tunakumbuka jinsi mgao wa chakula ulivyoshuka. Aprili 2020 ulikatwa kwa asilimia 30. Februari 2021 ukashuka tena mpaka asilimia 60 ya mgao kamili. Julai 2023 tukagawanywa katika makundi kulingana na hali ya kila nyumba, na mwaka 2025 watu wengi sana katika makazi ya Uganda wakaondolewa kabisa kwenye orodha kwa sababu wafadhili walipunguza pesa. Mgao kamili wa pesa kabla ya kukatwa mwaka 2020 ulikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Yaani hata wakati ule mzuri, pampasi za mtoto mmoja zingemaliza mgao wa karibu watu wawili.

Upande wa kitambaa: shuka moja kuukuu ya kitanda kidogo inatoa vipande sita vya mraba, kila upande sentimita 70 hivi. Shuka mbili, vipande 12. Kikwembe kuukuu nacho kinafaa sana, maana pamba iliyofuliwa mara nyingi inakuwa laini na inanyonya vizuri. Mtoto anayetembea anatosheka na vipande kumi kama unafua kila siku. Ongeza sabuni ya kufulia: hata ukitumia miche miwili kwa mwezi, na kila mche ukiwa shilingi 6,000, umetumia 12,000. Ukitoa kwenye zile 60,000, zinabaki 48,000. Hizo ni ndagaa, mafuta, maharagwe, yai la mtoto mara kadhaa kwa wiki. Mtoto aliye kwenye rangi ya njano anahitaji vitu hivyo. Pampasi haijazi mkono.

"LAKINI PAMPASI NI SAFI ZAIDI"

Hili nalisikia kila siku. Ingekuwa kweli kama tungezibadilisha kama inavyotakiwa, kila baada ya saa chache na mara moja mtoto akijisaidia. Nani kati yetu anafanya hivyo? Kwa kuwa ni ghali, tunaivuta. Mtoto anaivaa asubuhi, inajaa, inaning'inia mpaka magotini, na bado tunasema "ngoja kidogo". Mkojo na choo vikikaa kwenye ngozi masaa mengi vinaichoma. Ndiyo maana tunaona watoto wenye mapaja mekundu na vidonda, halafu mama anatumia pesa nyingine kununua dawa ya kupaka.

Kitambaa hakidanganyi. Kikilowa unakiona, mtoto mwenyewe anasikia baridi na analalamika, na unambadilisha. Hicho kinachoonekana kama usumbufu ndicho kinachomlinda.

Tena kuna upande wa mazingira yetu. Pampasi iliyotumika inaenda wapi? Wengine wanaitupa chooni. Ndani yake kuna plastiki isiyooza na unga unaonyonya maji na kuvimba. Choo cha shimo ambacho kingehudumia familia miaka kadhaa kinajaa mapema, na kuchimba kingine ni kazi na ni gharama. Wengine wanaitupa kwenye mtaro au nyuma ya nyumba. Mbwa anaiburuta, mvua inaibeba, inashuka chini ambako watu wanachota maji.

Na hapa lazima niseme jambo moja kwa nguvu: choo cha mtoto si kisafi kuliko cha mtu mzima. Kuna imani kwamba kwa sababu mtoto ananyonya au anakula uji tu, choo chake hakina shida. Si kweli. Kina vijidudu vilevile vya kuhara na minyoo, na mara nyingi zaidi. Mwanzoni mwa 2018 kipindupindu kilipoingia makazi ya Kyangwali na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 2,000 waliugua na zaidi ya 40 walikufa. Ugonjwa ule unapita njia moja: choo cha mtu kinafika kwenye mdomo wa mtu mwingine, kwa maji, kwa mikono, kwa chakula au kwa nzi. Choo cha mtoto kilichotupwa mtaroni kiko kwenye njia hiyohiyo.

KITAMBAA NACHO KINA MASHARTI

Sitaki mtu aache pampasi leo, kesho aanze kufua nepi karibu na bomba. Kitambaa kinachofuliwa vibaya ni hatari kuliko pampasi. Mambo ninayowaambia jirani zangu ni haya:

1. Kung'uta choo chote ndani ya choo cha shimo kwanza. Kisha suuza nepi kwa maji kidogo, na maji hayo nayo yamwage chooni.

2. Weka nepi chafu kwenye ndoo yake yenye kifuniko. Ndoo hiyo isitumike kwa kazi nyingine, na mtoto asiifikie, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji machache ya ndoo.

3. Fua kwa sabuni na usuuze mpaka povu liishe. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa inamwasha mtoto. Mtoto akiwa anaharisha, mwagia nepi maji yaliyochemka kabla ya kufua.

4. Anika juani kwenye kamba. Usianike chini kwenye nyasi wala kwenye kichaka. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na funza wake anaingia kwenye ngozi na kutoa jipu. Kama una pasi ya mkaa, piga pasi pande zote mbili. Kama huna, hakikisha nepi imekauka kabisa.

5. Usimfunge mtoto mfuko wa kavera juu ya nepi. Unafungia joto na unyevu, ngozi inaharibika, na mtoto akiuvua na kuuvuta usoni unaweza kumziba pumzi. Chupi ya plastiki ya watoto unaweza kuitumia kwa muda mfupi, si usiku kucha.

6. Nawa mikono kwa sabuni kila baada ya kumbadilisha mtoto, kabla hujagusa chungu, kabla hujamlisha. Mnawishe na yeye.

Ukiona wekundu unazidi siku mbili tatu, au kuna malengelenge, usaha, au mtoto ana homa, usijaribu dawa za dukani. Mlete kituo cha afya.

BIBI ZETU WALIJUA

Mtoto aliyepita mwaka mmoja na nusu, anayetembea na kuelewa maneno, mchana hana haja kubwa ya pampasi wala ya nepi. Bibi zetu hawakuwa na duka la pampasi. Walimjua mtoto: akiamka, akimaliza kunyonya, akimaliza kula, walimkalisha juu ya miguu yao na kumsubiri. Leo tunaweza kufanya hivyo kwa poti au kopo pana, kisha choo kinamwagwa kwenye shimo na poti inaoshwa kwa sabuni. Usimpige akikosea. Atakosea mara nyingi wiki ya kwanza, wiki ya tatu utaona tofauti. Mtoto aliyezoea pampasi kavu daima hajui amekojoa. Aliyefungwa kitambaa anajua haraka.

SASA NAONGEA NA BABA

Ukweli lazima usemwe. Kuacha pampasi kunaokoa pesa, lakini kunaongeza kazi, na kazi hiyo inamwangukia mama au binti mkubwa. Kufua nepi za siku moja na kuzisuuza vizuri kunaweza kumaliza jerikeni nzima ya lita 20. Lita 20 ni kile kiasi ambacho mashirika yanalenga mtu mmoja apate kwa siku kwa kunywa, kupika, kuoga na kufua. Kwa hiyo mtoto wa nepi anahesabika kama mtu wa ziada kwenye foleni ya bomba.

Baba, kama pesa ya pampasi inabaki mfukoni mwa nyumba, wewe pia umepata faida. Beba hiyo jerikeni. Kung'uta nepi si mwiko. Wengine mnasema hamwezi kugusa choo cha mtoto, lakini mlichimba choo cha familia nzima kwa mikono yenu na hakuna aliyewacheka. Na msimtoe binti shuleni ili akae nyumbani kufua nepi za mdogo wake. Akiba ya namna hiyo ni hasara.

NAONGEA NA MASHIRIKA PIA

Jarida hili ni la afya, na wanaolisoma si wakimbizi peke yao. Kama mnataka mama aache pampasi, msimpe maneno tu. Kipimo kinachojulikana kwenye kazi ya misaada ni gramu 450 za sabuni kwa mtu kwa mwezi, 250 za kuoga na 200 za kufulia. Kipimo hicho hakikumfikiria mama anayefua nepi kumi kila siku. Tunaomba nyumba yenye mtoto chini ya miaka miwili iongezewe sabuni na jerikeni moja. Tunaomba sehemu za kufulia zenye sakafu na shimo la kunyonya maji machafu, mbali na bomba. Na zile siku za kugawa nguo kuukuu, shuka zisitupwe pembeni kana kwamba hazina maana. Shuka kuukuu ni nepi sita.

KWA MWISHO

Sisemi pampasi ni dhambi. Kuna siku inasaidia: safari ndefu ya hospitali, usiku wa mvua, mama wa mapacha aliyetoka kujifungua kwa upasuaji. Kuna watoto wenye ulemavu, na kuna wazee wetu, ambao wanaihitaji kila siku, na hao wasiguswe na maneno yangu. Anayeweza kuinunua bila kupunguza chakula, ni yake. Namwomba tu akung'ute choo chooni kwanza, akunje pampasi vizuri na kuitia kwenye shimo la taka lenye kufunikwa kwa udongo. Asiitupe mtaroni.

Ninaongea na yule anayeuza maharagwe. Yule mama niliyemtaja tulikata pamoja shuka yake moja siku ileile, tukapata vipande sita, na jirani akampa kikwembe. Tuliporudi kumpima mtoto baadaye, utepe ulikuwa umefika kijani. Sisemi ni kitambaa kilichomponya. Alikuwa pia kwenye mpango wa lishe. Lakini mama aliniambia neno moja ambalo nimelibeba mpaka leo: "Maharagwe ya mwezi huu tumeyala sote."

Mwenye shuka kuukuu na asiye na mkasi, aje nyumbani kwangu. Mkasi upo.