TAMKO LA KATIBU WA TAWI: MUHURI HAUGONGWI KWENYE ORODHA ISIYO NA HESABU

*TAWI LA IGAWA, MACHI 2024*
*Kwa wanachama wote. Naomba usome mpaka mwisho kabla ya kujibu.*



Kuna karatasi inazungushwa hapa Igawa. Imeandikwa kwa mkono na ina majina ya vijana wanaoitwa "wasumbufu". Wanaoizungusha wanataka igongwe muhuri wa tawi, kisha ipelekwe polisi ili vijana hao "washughulikiwe". Kwenye kundi letu wapo waliounga mkono kwa maneno makali: wachapwe mpaka wakome, wavunjwe miguu, wafanyiwe kama walivyofanyiwa wale wa Dar es Salaam.

Najibu mbele ya wanachama wote ili asiwepo wa kusema hakusikia. *Muhuri wa tawi hautagongwa kwenye karatasi ile.* Sababu ni hizi.

*1. MADHARA NI YA KWELI, HATUYAFICHI*

Sisi tunaishi kando ya barabara kuu ya Mbeya na Iringa. Tunajua abiria anavyoporwa simu kupitia dirisha la basi. Tunajua mafuta yanavyonyonywa kwenye malori usiku dereva akiwa amelala. Mama lishe anahesabu sahani jioni, anakuta sufuria halipo. Binti anatoka shule anasukumwa na kutukanwa na vijana wa umri wake, na watu wazima wanatazama.

Mwenye hasira ana haki ya kuwa na hasira. Sitamwambia mama aliyeibiwa mtaji wake kwamba "hao ni watoto tu". Mtoto wa miaka 16 akishika panga, panga linakata vilevile. Na askari anayekabiliwa na panga ana haki ya kutumia nguvu kujiokoa na kuokoa wengine. Hilo halina mjadala ndani ya chama hiki.

Mjadala wetu ni wa nguvu inayotumika baada ya panga kuanguka chini, pingu zikiwa zimefungwa, au kijana akiwa hajaonekana akifanya lolote isipokuwa jina lake kuandikwa kwenye karatasi na mtu asiyesaini.

*2. NGUVU NI MALI YA UMMA*

Mimi kazi yangu ni hesabu, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa lugha yangu. Fedha ya serikali haitoki bila hati ya malipo. Hati inaonyesha nani kalipwa, kiasi gani, kwa kazi gani, nani kaidhinisha, na nyuma yake kuna viambatisho. Kikikosekana kimoja, mkaguzi anaandika hoja, na mtu anaitwa kujibu.

Bunduki, kirungu na pingu navyo ni vya umma. Tumevinunua kwa kodi zetu na kumkabidhi askari avitumie kwa niaba yetu. Iweje shilingi elfu hamsini ya kijiji idaiwe risiti, lakini mguu wa mtoto uliovunjwa usidaiwe maelezo?

Sasa tazameni ile karatasi. Ina jina, basi. Haina tarehe ya kosa. Haina mahali. Haina kilichoibwa wala aliyeibiwa. Haina shahidi, haina namba ya RB. Wengine kwenye orodha bado wanavaa sare za shule. Ni hati ya malipo isiyo na kiambatisho hata kimoja, na mnataka Katibu aidhinishe. Malipo yenyewe ni mifupa ya watoto wa watu.

*3. "POLISI WAPEWE RUHUSA"*

Ruhusa wanayo tangu zamani, na ina kipimo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu askari kumkamata anayekataa kukamatwa. Sheria hiyohiyo inasema aliyekamatwa asizuiwe kwa nguvu kuliko inavyohitajika ili asitoroke, na akiwa chini ya ulinzi atendewe kwa utu. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa, na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa.

Kwa walio chini ya miaka 18 ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mzazi au mlezi anapaswa kujulishwa mtoto akikamatwa. Mtoto hachanganywi na watu wazima mahabusu. Kesi yake inakwenda Mahakama ya Watoto. Akikutwa na hatia hahukumiwi kifungo cha jela, bali zipo njia nyingine, ikiwemo shule ya maadilisho.

Na shule hiyo iko wapi? Iko mkoani kwetu. Shule ya Maadilisho Irambo iko Mbeya. Mahabusu ya watoto nayo ipo Mbeya. Mikoa mingi ya nchi hii haina hata kimoja. Sisi tunavyo vyote viwili, halafu tunapita pembeni kutafuta kirungu.

Hata fimbo ya mwalimu ina kikomo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na iandikwe kwenye daftari. Unaweza kuipenda fimbo au kuichukia, lakini ina daftari. Wanaotaka vijana "washughulikiwe" wanaomba kitu ambacho hata shuleni hakiruhusiwi.

Mwaka 2016 ilisambaa video ya mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Mbeya Day akipigwa na walimu wa mazoezi, wamemzunguka kwa mateke na ngumi. Mkoa mzima ulikasirika, nchi nzima ikakasirika. Hatukuuliza kwanza kama alikuwa mtiifu au mtundu. Tuliona watu wazima wengi juu ya mtoto mmoja, tukasema hapana. Nauliza: wangekuwa wamevaa sare za polisi, tungesema ndiyo?

*4. "MBONA DAR ES SALAAM ILISAIDIA"*

Haya, tuitazame Dar es Salaam. Januari 2015 hofu ya Panya Road ililifungia jiji ndani. Polisi wakakamata vijana kwa mamia. Tukaambiwa yamekwisha. Mwaka 2022 jina lilelile likarudi, watu wakakatwa mapanga majumbani, na Septemba mwanafunzi wa chuo akauawa Kawe. Siku chache baadaye Polisi wa Kanda Maalumu wakatangaza kuwa watuhumiwa sita wa Panya Road wameuawa katika majibizano. Watu wengi walishangilia.

Familia ya yule binti ilistahili haki, na haki kamili. Lakini mimi nauliza swali la mtu wa hesabu: wale sita walikuwa wanamuuzia nani? Televisheni na simu zilizoporwa zilikwenda kwenye duka la nani? Nani aliwapa mapanga, nani aliwabeba, nani alikula nao? Mtuhumiwa aliye hai anatajwa mahakamani, anabanwa kwa maswali, anataja wenzake. Marehemu hataji mtu. Leja inafungwa, na mkubwa wa biashara analala kwake salama.

Kama kamatakamata ya 2015 ingekuwa dawa, 2022 isingetokea.

*5. NGUVU ISIYO NA HESABU HAICHAGUI MWENYE KOSA*

Nyololo ni jirani zetu. Ukivuka Makambako kuelekea Mafinga, unapita hapo. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa pale mikononi mwa polisi waliokuwa wakitawanya watu kwenye shughuli ya kufungua tawi la chama. Tawi, ndugu zangu, kama hili letu. Hakuwa kijana msumbufu, alikuwa kazini. Ilichukua karibu miaka 4 mpaka Mahakama Kuu Iringa ikamtia askari mmoja hatiani na kumpa miaka 15. Ilichelewa, lakini hesabu ilifungwa.

Tarehe 16 Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Hakuandamana. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa kifo kile. Hesabu ile bado iko wazi, na mzazi wake ndiye anayeibeba.

Nairobi, Machi 2020, Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13, alipigwa risasi akiwa kwenye baraza la ghorofa ya nyumbani kwao, polisi wakisimamia amri ya kutotoka nje usiku. Wakenya wana chombo huru cha kuwachunguza polisi kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na mwaka uleule askari akafunguliwa mashtaka. Sisi mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa Huduma ya Polisi. Huwezi kuitaka huduma Dodoma, halafu Igawa ukaomba mkong'oto.

Aliyeandika orodha ile anadhani kirungu kitasoma majina. Hakisomi. Usiku wa msako hakuna anayeuliza kama huyu ni mtoto wa mwanachama au wa jirani yake. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

*6. JINA LINALOKOSEKANA*

Nimeisoma orodha mara mbili. Yapo majina ya vijana tu. *Hakuna jina hata moja la mnunuzi.* Simu ya wizi inanunuliwa na mtu mzima. Mafuta ya wizi yanapimwa kwa madumu na mtu mzima mwenye kibanda. Sufuria la mama lishe limeuzwa kama chuma chakavu kwa mtu mzima mwenye mizani. Hao tunawajua, tunawasalimia, wengine tunawakopa.

Wanaosema samaki mkunje angali mbichi, nakubaliana nao. Lakini kukunja si kuvunja. Na huwezi kumkunja mtoto huku unanunua alichoiba.

*7. MSIMAMO NA MAELEKEZO YA TAWI*

(a) Mwenye malalamiko dhidi ya kijana yeyote aandike: tukio, tarehe, mahali, kilichopotea, shahidi. Kisha aende kituoni akachukue RB. Ofisi ya tawi itamsaidia kuandika, bure. Karatasi ya namna hiyo nitaisindikiza mwenyewe mpaka polisi.

(b) Mwanachama anayenunua mali ya wizi ajue kwamba nitaleta jina lake kwenye Kamati ya Siasa ya tawi kabla ya jina la mtoto yeyote.

(c) Wanachama walio kwenye mgambo na ulinzi wa usiku: ukimkamata mtu, mkabidhi polisi bila kuchelewa. Ukimpiga aliyekwisha kukamatwa umetenda kosa la jinai, na chama hakitakuwekea dhamana.

(d) Tunaomba serikali ya kijiji iitishe kikao cha wazazi, vijana wenyewe, Afisa Ustawi wa Jamii na Mkaguzi Kata wa polisi. Makosa madogo yamalizwe kwa mzazi kulipa fidia mbele ya mashahidi, na iandikwe. Makubwa yaende mahakamani.

(e) Mtoto akijeruhiwa akiwa mikononi mwa yeyote, awe raia, mgambo au askari, mzazi adai PF3, apate matibabu na atunze nakala ya kila karatasi. Malalamiko dhidi ya askari yapelekwe kwa mkuu wake kwa maandishi, na yasipojibiwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

(f) Viongozi wa vijiji na vitongoji tunawachagua sisi. Atakayetuomba kura aulizwe wazi anasimama wapi kwenye jambo hili. Atakayejibu "wapigwe tu" hana mpango wa ulinzi, ana hasira kama sisi sote.

Ndugu wanachama, askari wetu ni wachache na vijiji ni vingi. Wengi wanafanya kazi ngumu kwa uaminifu. Askari wa namna hiyo haogopi kuandika alichofanya, saa ngapi na kwa nini, na maandishi hayo ndiyo yanayomlinda siku akisingiziwa.

Mwenye orodha ile aje ofisini. Nitampa karatasi mpya yenye safu za tarehe, mahali, kosa, hasara, shahidi na mnunuzi. Akiijaza, tutakwenda wote kituoni.

Sambazeni kwa wanachama wasio na simu janja kwa kuwasomea.

*Imetolewa na:*
*Katibu wa Tawi, Igawa*