Ndoano ni Moja, Mbona Majina Mawili?

Wacha niseme hii kitu wazi, mawe mtanirushia baadaye. Hapa kwetu Nakuru, kuvua samaki kwa ndoano ni mchezo ukiwa na pesa, na ni uhalifu ukiwa huna. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile, ndoano ni ile ile. Kinachobadilika ni nani ameishika.

Mgeni amelala hoteli ya kando ya Ziwa Naivasha. Asubuhi anapanda boti na fimbo yake ya kuvulia, anarusha chambo kando ya mafunjo, anavuta samaki, anapiga picha. Hiyo tunaita utalii, na kila mtu anatabasamu. Kijana wa Karagita anasimama kwenye matope na mshipi ameuzungushia chupa ya soda, ndoano moja, mnyoo mmoja. Huyo tunamwita mwizi wa samaki. Akisikia injini ya boti ya doria, anakimbia kabla hajaulizwa chochote. Nauliza tu: tofauti yao iko wapi, ukiondoa viatu?

Mtu ataniambia ati kuvua kwa fimbo ni mambo ya wazungu, sisi hatuna hiyo tabia ya kuvua kwa raha. Buda, nenda Baringo uone. Sehemu inaitwa Kampi ya Samaki, na watu wa huko wamevua kwa ndoano miaka mingi bila kufundishwa na mtu. Na hata kama mchezo wenyewe uliletwa, basi na tuongee ukweli wote wa vile uliletwa.

Yule samaki ambaye wauzaji wa Naivasha wanamwita black bass, mimi nitamwita besi, si mtoto wa hapa. Asili yake ni Amerika Kaskazini. Aliwekwa Naivasha mwaka wa 1929 ili walowezi wapate samaki mwenye nguvu wa kupigana naye kwenye fimbo. Miaka minne kabla, mwaka wa 1925, walikuwa wametia tilapia kutoka Mto Athi. Mwaka wa 1956 zikaingia aina zingine mbili za tilapia. Mwaka wa 1970 wakaleta kamba wekundu wa Louisiana, ambao besi mkubwa anawala kama karanga. Karpu alionekana mara ya kwanza mwaka wa 2001, na ndani ya miaka kumi akawa ndiye anajaza nyavu kuliko wote. Mwaka wa 2011 serikali ikaongeza tilapia wa Nile.

Na samaki wa asili wa ziwa? Alikuwa kasamaki kadogo, urefu wa kidole. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka wa 1962, na wanasayansi wengi wanamnyooshea besi kidole. Kwa hivyo mtu akiniambia kijana na mshipi wake anaharibu "mazingira ya asili" ya Naivasha, nacheka. Karibu kila samaki anayevuliwa humo aliwekwa na binadamu ama alifuata mlango ambao binadamu aliacha wazi. Hilo ziwa ni kama sufuria iliyopikwa na watu wengi kwa karibu miaka mia, kila mmoja akiongeza kiungo chake. Sasa chakula kimeiva, mnaambia watoto wa jirani wasichungulie jikoni.

Twende kwa sheria, kwa sababu najua mnapenda kusema "sheria ni sheria". Sawa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inaweka maziwa na mito kwenye ardhi ya umma. Kifungu cha 69 kinaambia Serikali ihakikishe faida za mali ya asili zinagawanywa kwa usawa. Jedwali la Nne linaweka uvuvi kati ya kazi za kaunti. Kwa hivyo hii si shida ya kungojea Nairobi. Bunge la kaunti liko hapa hapa mjini, kwa matatu unafika.

Lakini shika Barabara ya Moi South Lake utembee kwa mguu. Ua, geti, ua, shamba la maua, geti, hoteli, ua. Ziwa unaliona kwa vipande kati ya miti, kama mtu anayechungulia harusi dirishani. Na hii si ya jana. Tangu mwaka wa 1933 wenye mashamba ya kando ya ziwa wana makubaliano na serikali ya kutumia ardhi inayoachwa wazi maji yakirudi nyuma. Walipewa kuitumia, hawakupewa ziwa. Lakini ukishatumia ardhi miaka tisini na ua juu yake, hata wewe mwenyewe unasahau. Mwananchi wa kawaida amebaki na fuo chache za kuhesabu kwa vidole: Kamere, Karagita, ile ya mjini na nyingine kidogo. Hapo hapo ndipo boti zinatia nanga, samaki wanapaliwa, mama wanachota maji, boda boda zinaoshwa, na watoto wanaogelea. Ukirusha ndoano hapo utavua kandambili.

Sasa angalia kinachofuata, na hapa sicheki tena. Kijana akikosa mahali halali pa kusimama, haachi kuvua, kwa sababu njaa haikuuliza kama kuna njia ya umma. Anaingia majini. Anatembea ndani ya maji mpaka kifuani, usiku, kwenye mafunjo na magugu maji, bila boti, bila jaketi la kuelea. Viboko wako hapo hapo. Kiboko hana habari ya leseni wala umri. Kila mtu wa Naivasha anajua jina la mtu aliyeumizwa ama aliyeuawa. Na asipokutana na kiboko anakutana na doria, anatoroka kuelekea maji marefu. Halafu tunaandika "apumzike kwa amani" na tunaendelea na maisha.

Huku Nakuru mjini ni mbaya zaidi. Ziwa letu lilikuwa la chumvi. Samaki waliokuwa humo ni tilapia wadogo walioletwa kutoka Magadi, ati wale mabuu ya mbu. Kisha maji yakaanza kupanda kuanzia kama 2010, yakameza barabara na geti kuu la mbuga, chumvi ikapungua, na samaki wa kuliwa wakaonekana. Wataalamu walionya kwamba samaki wa humo wana metali nzito, kwa sababu maji machafu ya mji mzima yanaishia pale. Na ni mbuga ya taifa, kuvua ni marufuku. Bado vijana wanaingia, na hao samaki wanauzwa mitaani bila mtu kuambiwa wametoka wapi. Januari 2025 kijana mmoja mvuvi wa hapa alipotea. Familia yake ilisema alikamatwa na askari wa wanyamapori ndani ya mbuga, KWS ikakana kwamba inamzuilia, na watu wakaandamana barabarani. Mambo ya mahakama niachie mahakama. Mimi nasema hivi: mji ambao kijana anaweza kupotea kwa sababu ya samaki una deni la kujibu swali rahisi. Ulimwonyesha wapi pengine pa kuvua?

Msinielewe vibaya. Siombi Ziwa Nakuru lifunguliwe. Samaki mwenye sumu ni sumu hata akikaangwa vizuri na kachumbari kando. Nasema ukifunga mlango mmoja kwa sababu nzuri, fungua mwingine. Sisi tunafunga yote halafu tunashangaa watu wanaruka ukuta.

Wazee wa uvuvi wana hoja yao, na ni ya maana. Wanasema: kijana, ziwa lilivuliwa mpaka likafungwa mwaka mzima 2001, unataka kurudisha hiyo? Wazee wangu, shikamooni, lakini hebu tuhesabu pamoja. Chandarua cha mbu kikikokotwa ukingoni kinabeba kila kitu, hata vifaranga vya samaki ambavyo havijafika ukubwa wa msumari. Nyavu za matundu madogo vile vile. Ndoano inashika samaki mmoja kwa wakati. Ukitumia ndoano kubwa, mdogo hawezi hata kuimeza. Akishikwa mdogo, unalowesha mikono, unamtoa pole pole, unamrudisha majini anaenda zake. Ni nyavu gani inaweza kufanya hivyo? Ukitaka kupunguza vyandarua ziwani, mpe kijana sababu ya kushika ndoano. Sasa hivi anakimbizwa na doria, akishika hii ama ile. Basi anachukua inayoleta samaki wengi haraka, kabla doria haijafika. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye akili timamu, si ya mhalifu.

Na vijana wenzangu, sitawapaka mafuta. Ukikokota chandarua kwenye mazalio, unaiba kwa ndugu yako mdogo. Ukiacha mshipi wa nailoni umetapakaa ukingoni, ndege ananaswa miguu na anakufa polepole. Kifungu hicho hicho cha 69 kinampa kila mtu jukumu la kulinda mazingira, si serikali peke yake. Hatuwezi kudai ziwa ni letu siku ya kuvua na ni la serikali siku ya kuokota takataka.

Kuna wengine wataniambia leseni ya uvuvi wa mchezo ipo, nenda ukachukue. Ipo, ndiyo. Lakini imejengwa kwa ajili ya mtu anayekuja na gari na boti. Fundi wa Kaptembwo ambaye ana Jumapili moja na nauli ya kwenda na kurudi, umewahi kumwona akielezwa aende ofisi gani, aulize nini, asimame wapi? Leseni bila mahali pa kusimama ni karatasi. Na linganisha na kamari. Kijana akiweka mshahara wa wiki kwenye mechi asubuhi, simu inampokea kwa sekunde tatu na kumtakia bahati njema. Akitaka kukaa kando ya maji na ndoano, anakuwa mshukiwa. Tumerahisisha kinachommaliza, tukafanya kigumu kinachomtuliza na kumlisha.

Sasa nataka nini? Nataka vitu vinne, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mkopo wa China.

Kwanza, leseni ya siku ya ndoano, bei ya mtu wa kawaida, inalipwa kwa M-Pesa pale pale ufuoni. Pesa ziende kwa kikundi cha usimamizi wa ufuo na kwa doria, na kila jioni kiasi kiandikwe ubaoni kila mtu asome.

Pili, njia za umma za kwenda ziwani zipimwe, ziwekewe alama za zege, na zifunguliwe. Si lazima mtu apite sebuleni kwa mwenye hoteli. Njia ya upana wa gari moja, hapa na pale, inatosha. Na ardhi ya ukingo ibaki na mafunjo yake, kwa sababu huko ndiko samaki wanazaliana.

Tatu, vituo maalumu vya ndoano, mbali na mazalio na mbali na njia za viboko, na mwisho wa kuvua uwe kabla giza halijaingia. Sheria ziandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao: ndoano ya saizi gani, samaki wangapi, mdogo arudishwe, nailoni urudi nayo nyumbani. Mtu akivunja, aadhibiwe. Hapo sitamtetea.

Nne, mabwawa. Mnakumbuka ule mpango wa 2009, serikali ilisema kila eneobunge lililochaguliwa lichimbiwe mabwawa 200 ya samaki? Majimbo 140 kwa 200, hiyo ni mabwawa 28,000 nchi nzima. Nenda Njoro, Rongai ama Subukia uulize yako wapi. Mengine yanafanya kazi na nawapongeza wenyewe. Mengine ni mashimo ya vyura. Mwenye bwawa analia chakula cha samaki ni ghali na mnunuzi ni mmoja anayempangia bei. Basi tia tilapia, weka viti viwili chini ya mti, lipisha mtu kwa saa, na samaki atakayevua ailipie kwa kilo. Mama atakaanga kando. Mtu wa mjini atakuja na watoto wake. Kiboko hayuko, doria hayuko, na mtoto anajifunza kungoja, kitu ambacho simu haimfundishi. Na tafadhali, bwawani tieni tilapia ama kambare peke yake. Msimwage besi kwenye kila dimbwi kwa sababu mmeona video ya Marekani. Naivasha ishatuonyesha bei ya kuchezea samaki wa kigeni.

Watu wa kaunti, mnapenda kusema vijana ni wavivu. Mvivu haamki saa kumi usiku kuingia maji baridi yenye viboko kwa sababu ya samaki watatu. Huyo ni mtu anayefanya kazi ngumu mahali ambapo mmekataa kumwekea mlango.

Bajeti ya kaunti inajadiliwa kila mwaka na sheria inataka wananchi wasikizwe. Kikao kikitangazwa safari hii, nitaenda na mshipi wangu kwenye chupa ya soda niuweke mezani. Njooni na yenu. Tuwaulize wabunge wetu wa kaunti, mmoja baada ya mwingine, kama hicho wanachokiona mezani ni mchezo ama ni uhalifu. Na wakisema ni mchezo, watuonyeshe kiwanja.