Tusinunue Hadithi, Tununue Ngozi

Kipupwe kinapoingia, na baridi ya Juni na Julai inapoanza kuuma huko Njombe, Mbeya, Arusha na Moshi, makoti ya ngozi hutoka chini ya marobota na kutundikwa mbele ya vibanda vya mitumba. Wanunuzi wake si matajiri. Ni vijana wa bodaboda watokao nyumbani kabla ya alfajiri, walinzi wa usiku, madereva wa malori na wachukuzi wa mizigo. Kwa watu hawa koti la ngozi si pambo. Ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Kwa hiyo twaona si jambo dogo kuuliza ni kwa njia gani mfanyakazi atautambua umri na thamani ya koti kabla hajazitoa fedha zake mfukoni.

Siku chache zilizopita tulisimama katika soko moja la mitumba tukamkuta kijana wa bodaboda amevikwa koti jeusi, na muuzaji akimweleza kwa ufasaha mwingi kwamba lilivaliwa na rubani katika vita vya Hitler. Bei ilikuwa imepandishwa kwa heshima ya rubani huyo. Tuliomba kulishika. Ndani ya ukosi palikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi yasemayo kwamba koti limetengenezwa Ujerumani ya Magharibi. Vita ile ilikwisha mwaka 1945. Dola ambayo dunia iliiita Ujerumani ya Magharibi ilizaliwa mwaka 1949, na jina hilo likafa mwezi Oktoba 1990, Ujerumani mbili zilipoungana. Basi rubani wetu alikuwa ameweka silaha chini miaka minne au zaidi kabla ya koti lake kushonwa!

Muuzaji alicheka pamoja nasi, wala hatumwiti mwongo, kwani yamkini hadithi hiyo aliiuziwa pamoja na robota. Lakini kijana yule alikuwa karibu kulipa kwa jasho lake kitu kisichokuwapo.

Majina ya nchi ni kalenda nzuri kwa mtu anayejua historia kidogo. Koti lililoandikwa Muungano wa Sovieti halikushonwa baada ya mwaka 1991. Lililoandikwa Chekoslovakia halikushonwa baada ya mwaka 1992. Anwani nayo husema. Wamarekani walianza mwaka 1963 kuweka namba 5 za posta baada ya jina la jimbo, hivyo lebo yenye namba hizo si ya kabla ya hapo. Lebo yenye anwani ya intaneti si ya kabla ya miaka ya 1990, hata muuzaji ape kwa jina la mama yake. Kanuni yenyewe ni nyepesi: kati ya vyote vilivyoshonwa katika koti tangu mwanzo, kile kilichobuniwa mwisho ndicho kinachotaja umri. Ukosi waweza kuigwa kwa mtindo wa zamani, na vifungo vyaweza kuwa vya shaba, lakini koti haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko lebo yake halisi.

Tumesema halisi, kwa kuwa lebo hung'olewa ikashonwa penginepo. Tazama uzi: ikiwa lebo imeshikwa kwa uzi wa rangi nyingine, au matundu ya sindano ya zamani yako pembeni mwake, usiiamini. Zipu pia huweza kubadilishwa. Wengi wakiona herufi YKK hudhani wamepata uthibitisho wa ubora wa koti zima. Kampuni hiyo ya Kijapani ilianzishwa mwaka 1934, na zipu zake zimetiwa katika nguo njema na mbaya duniani kote. Zipu imara hushuhudia uimara wa zipu tu. Na kuhusu marubani, makoti yale ya jeshi la anga la Marekani yaitwayo A-2, yaliyoanza kutolewa mwaka 1931, yalishonwa kwa ngozi ya farasi na hata ya mbuzi. Lakini yameigwa kwa wingi tangu hapo, na mwigo wa juzi hutundikwa jirani na wa miaka 40 iliyopita bila haya.

Hata hivyo umri si thamani. Hapa ndipo wanunuzi wengi, na hata baadhi ya wasomi wetu wanaopenda vitu vya kale, wanapopotea. Koti la miaka 50 lililotunzwa penye hewa laweza kumzidi nguvu koti la mwaka jana. Na koti la miaka 50 lililokaa juani au penye unyevu ni takataka yenye historia.

Tulipokuwa shuleni kwa mapadri tulisomeshwa habari za mzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Alipapasa ngozi ya mbuzi juu ya mikono ya mwanawe, akanusa mavazi, akatoa baraka kwa mtu asiye wake. Tangu zamani twaona kwamba mkono na pua havikumtosha, na sikio, lililotambua sauti, halikusikilizwa. Sokoni mambo ni hayo hayo. Mtu hunusa koti akasema, “Naam, hii ni ngozi.” Lakini iko bidhaa inayotengenezwa kwa masalio ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kupakwa plastiki juu. Nayo hunukia ngozi. Wengine huwasha kiberiti. Kiberiti huharibu mali ya mtu na kuthibitisha machache, kwa maana ngozi halisi iliyopakwa rangi nzito nayo hutoa harufu ya rangi inapoungua.

Lililo bora ni kulipindua koti. Tafuta mahali ambapo ukingo haukukunjwa: ndani ya mfuko, chini ya bitana, au penye upindo uliofumuka. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana bila mpango, kama manyoya laini. Plastiki huonyesha kitambaa kilichofumwa, mstari kwa mstari. Kisha tazama uso. Vitundu vya vinyweleo vya mnyama havikupangwa kwa rula. Uso unaofanana kila mahali ama umechapwa kwa mashine ama haukuwa ngozi kamwe. Kovu la mwiba au la kupe, ambalo mnunuzi hulikimbia, mara nyingi ni ushahidi kwamba mnyama aliishi.

Baada ya hapo likunje koti penye kiwiko, kwapa na ukosi. Mikunjo midogo inayotoweka ukiachia ni ya kawaida. Nyufa zinazofika hadi kwenye nyuzi ni kifo cha ngozi, wala mafuta hayafufui. Twajua kwamba wako wanaopaka mafuta ya kupikia au rangi ya viatu asubuhi ili koti ling'ae mpaka jioni. Basi chukua kitambaa cheupe, sugua chini ya kola, ukitazame. Bitana iliyochanika isikutishe, kwani fundi cherehani ataishona upya, na zipu hutiwa nyingine. Ngozi iliyochanika penye mshono ndiyo hasara, kwa sababu tundu la sindano katika ngozi halizibi tena. Ngozi ya kondoo ni laini na huchanika upesi. Ya mbuzi ni nyepesi lakini ina nguvu. Ya ng'ombe ni nzito, na kwa mtu wa pikipiki uzito huo ni rafiki siku ya kuanguka.

Tuseme koti la plastiki lauzwa shilingi 25,000 nalo likabanduka baada ya miaka 2, maana ndiyo desturi ya plastiki hiyo kubanduka kama ganda la kitunguu. Na tuseme la ngozi nzima lauzwa 60,000 likavaliwa miaka 10. La kwanza limemgharimu mwenyewe 12,500 kwa mwaka. La pili 6,000. Maskini ndiye alipaye zaidi, kwa kuwa hana 60,000 kwa mkupuo. Matawi yetu na vyama vya kuweka na kukopa vya wafanyakazi yafaa viliwaze jambo hili kabla ya kuwahubiria watu kuhusu kuweka akiba.

Wako watakaotuuliza, je, gazeti la Chama linawafundisha wananchi kununua nguo kuukuu za wageni? Swali hilo ni la haki. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa polepole nguo na viatu vya mitumba. Marekani ikakumbusha kwamba upendeleo wa mpango wa AGOA waweza kuondolewa. Wengi wakarudi nyuma, na Rwanda, iliyoshikilia ushuru wake, ikasimamishiwa upendeleo wa nguo mwaka 2018. Hatusahau hayo. Lakini nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Njombe kuna mashamba ya miwati tangu mwaka 1949, ambayo magome yake hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Mnyama tunaye, na dawa tunayo. Ngozi zetu nyingi huharibika mikononi mwetu: chapa ya moto hupigwa ubavuni, ambapo ngozi ni bora, na kisu cha mchunaji asiyefundishwa hutoboa. Nyingine husafirishwa zikiwa mbichi au nusu kazi. Mfanyakazi anayetetemeka saa 10 za usiku hawezi kuvaa azimio la mkutano. Mpaka kiwanda chetu kimshonee koti, ana haki ya kununua kuukuu zuri, na asidanganywe.

Kwa wenye viwanda vya ngozi nchini tuna ombi moja. Kila koti mnaloshona, andikeni ndani yake mwaka, aina ya mnyama, na kama ni ngozi nzima au la. Wajukuu wetu watakapolikuta sokoni wasihitaji rubani wa kuwasimulia.

Na lile koti jeusi? Tulilipindua pamoja na kijana mwenyewe. Lilikuwa la ngozi ya mbuzi, bitana yake imechanika mgongoni, viwiko vizima, mishono imara. Thamani lilikuwa nayo, tena kubwa. Aliomba apunguziwe fedha za rubani, muuzaji akakubali baada ya kuguna kidogo, naye akaondoka amelivaa, zipu imefungwa mpaka kidevuni.