MAMBO YA MICHEZO: Nahodha Aliyefungiwa Mlango

Wako wachezaji wadhanio ya kuwa mtu akipita miaka thelathini mpira wake umekwisha. Na wamtazame Nils Liedholm, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1922.

Mwaka 1948 alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya London, na mwaka uliofuata akaenda Italia kuichezea Milan kwa mshahara. Kwa ajili ya mshahara huo alifungiwa mlango wa timu ya taifa, maana Uswidi siku zile haikuwakubali wachezaji wa kulipwa. Huko Milan alitwaa ubingwa wa Italia mara nne.

Mwaka 1958 mlango ulikuwa umefunguliwa. Akaitwa, akafanywa nahodha, na katika fainali ya Kombe la Dunia ndiye aliyetangulia kuifunga Brazil, naye ana miaka 35! Brazil walishinda 5–2.

Alipoacha kucheza mwaka 1961 alishika kazi ya ualimu wa mpira, akawapa ubingwa Milan mwaka 1979 na Roma mwaka 1983. Uzeeni alikuwa mkulima wa mizabibu huko huko Italia, hata alipofariki mwaka 2007.

Basi, kijana, ukifungiwa mlango leo, usivue viatu.