Puti Si Bati

Wasomaji wenzangu, tuseme bila kuremba: gereji nyingi za bodi hapa Dar zinatuuzia vumbi lililopakwa rangi. Gari la mjomba lilikuwa na miezi minane tu lilipogongwa ubavuni. Bima kubwa ikalipa. Likarudi linameta, jamani! Masika yalipoingia, mlango ukaanza kutoa malengelenge.

Chukua sumaku ya spika mbovu, uifunge kitambaa, uipitishe mlangoni. Penye bati itang'ang'ania. Penye puti nene itadondoka (bampa za plastiki usizihesabu). Puti ni ya kusawazisha vijibonde baada ya bati kunyooshwa, siyo ya kufukia shimo zima. Ikipasuka, maji huingia, na kwa hewa yetu hii ya chumvi kutu hailali.

Fundi atakwambia, "Bosi, bima wanachagua bei ya chini." Kweli, lakini nusu tu. Kunyoosha bati ni nyundo na siku mbili tatu. Kubandika puti ni asubuhi moja. Na pesa wanayotoza ni ya nyundo! Ukishatia sahihi karatasi ya kupokea gari, bima nao wamekwisha nawa mikono. Basi sumaku ipite kwanza, kalamu baadaye. Wakinuna, wanune.