Mzimamoto akitoka mbio, usimrushie jiwe

Vijana wa Meru na Embu, kuna jambo hatuliongelei hadi moshi utande. Moto ukishika vibanda, iwe Gakoromone mjini Meru au mtaa wa Dallas pale Embu, sisi ndio hufika kwanza. Wengine husaidia kutoa mali, wengine hutafuta maji, na wengi hutoa simu kurekodi. Gari la zimamoto likichelewa, tunalizomea. Mara nyingine hata mawe hurushwa.

Sasa fikiria hivi. Wazimamoto wameingia ndani ya jengo linaloungua. Ghafla honi ya gari lao inalia mfululizo, na wote wanatoka mbio, mipira ya maji wameiacha huko ndani. Moto bado unawaka. Utasema nini? Wengi wetu tungesema, "Waone hao, kwani wanalipwa kufanya nini?"

Ukweli ni kwamba hapo wanafanya kazi yao sawasawa.

Anayeongoza uzimaji husimama nje kwa sababu nje ndiko huonekana hatari ambazo aliye ndani ya moshi hazioni: paa linabonyea, ukuta unapasuka, moshi unabadilika ghafla, au kuna mitungi ya gesi karibu na moto. Nguzo ya chuma ikifika nyuzijoto 600 hivi, hubaki na takriban nusu tu ya nguvu zake. Tena mzimamoto hupumua hewa ya mtungi aliobeba mgongoni. Mtungi unaohesabiwa kuwa wa nusu saa huisha mapema kuliko hapo mtu akifanya kazi nzito.

Kiongozi akiona hatari, hutoa amri kwa redio, kisha honi au firimbi hupigwa ili hata asiyesikia redio ajue. Uingereza, kwa mfano, ishara ni firimbi inayopigwa kwa mikato mifupi mifupi. Ikisikika, hakuna kukusanya vifaa wala kumalizia chumba kimoja. Unaacha kila kitu, unatoka. Nje, watu wanahesabiwa kwa majina. Anayekosekana anatafutwa na kikosi cha akiba kilichokuwa kimekaa tayari kwa kazi hiyo. Bila orodha ya walioingia, utajuaje nani hajatoka?

Amri isipomfikia mtu, gharama ni maisha. Septemba 11, 2001 jijini New York, mnara wa kusini wa World Trade Center uliporomoka saa 3:59 asubuhi. Ule wa kaskazini ulisimama dakika 29 zaidi. Amri ya kutoka ilitolewa, lakini kuna wazimamoto ambao redio zao hazikuipata, na wengine waliisikia bila kujua kwamba mnara wa pili ulikuwa umeshaanguka. Siku hiyo jiji lile lilipoteza wazimamoto 343. Ikiwa jiji tajiri namna ile liliangushwa na mawasiliano, sisi huku tuna sababu gani ya kulala?

Na kwetu moto si wa mjini tu. Kaunti zote mbili zinapakana na msitu wa Mlima Kenya, ulioungua vibaya Machi 2012. Huko vijana huitwa kusaidia wakiwa na panga na matawi mabichi. Kanuni ni ile ile: kabla ya kuanza, jua njia ya kutokea, weka mtu wa kuangalia moto unakoelekea, na msikubaliane tu nani anapiga wapi, bali pia ishara ya kuondoka. Usikae juu ya mteremko moto ukiwa chini yako, kwa sababu moto hupanda mlima haraka kuliko mguu wako.

Katiba ya 2010 iliweka huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti. Ndiyo maana tunaona sherehe gari jipya linapozinduliwa, utepe ukikatwa na picha zikipigwa. Gari ni muhimu, hatukatai. Lakini je, kila mzimamoto ana redio inayofanya kazi? Mitungi ya hewa inatosha? Wanafanya mazoezi ya kutoka kwa dharura mara ngapi kwa mwaka? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 hairuhusu mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali ambapo hatari kubwa bado inaendelea. Mzimamoto pia ni mfanyakazi. Vikao vya umma vya bajeti vikiitishwa, fika, uulize maswali hayo. Muulize na MCA wako.

Kwa upande wetu, kuna mambo yasiyohitaji bajeti. Usiegeshe bodaboda kwenye njia ya gari la zimamoto. Usikanyage wala kuburuta mpira wa maji. Ukijua mtu amebaki ndani, au mahali gesi imewekwa, mwambie kiongozi wao mara moja. Habari hiyo inaweza kuokoa kikosi kizima. Na ukiona wazimamoto wanatoka mbio, usisogee kurekodi vizuri, wala usiingie kumalizia kazi waliyoiacha. Rudi nyuma, uwavute na wenzako.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Duka hujengwa tena, hata ikichukua miaka. Mzimamoto aliyebaki chini ya paa kwa kuogopa kuzomewa na sisi hajengwi tena, na nyumbani kuna watoto wanaomngoja.